RPM inashuka yenyewe angani, uwanjani joto nyuzi 27. Barafu kwenye kabureta au fundi ananizungusha?

#1 Kipungu
Wakuu salaam. Ndege ni Cessna 172M, injini Lycoming O-320-E2D ya nguvu farasi 150, kabureta MA-4SPA, propela ya pembe isiyobadilika. Uwanja uko karibu usawa wa bahari, joto nyuzi 27, kiwango cha umande (joto ambalo unyevu unaanza kuwa matone) nyuzi 17, mawingu ya pamba yametapakaa.

Inapanda bila shida hadi futi 3,500, inatulizwa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,350. Baada ya dakika kumi na mbili hivi sindano inateremka yenyewe hadi 2,200. Throto haijaguswa, na mwinuko unaanza kuliwa. Ukisukuma throto inarudi kidogo, halafu inateremka tena. Kuna mtetemo, lakini si wa kutisha. Ikishatua na kukaa nusu saa, injini inaunguruma safi na magneto (vizalisha cheche) zote mbili ziko ndani ya kiwango.

Fundi anasema magneto ya kushoto ifunguliwe. Mwenye hisa mwenzangu anasema barafu. Barafu, nyuzi 27? Wazoefu mnasemaje?

#2 MzeeWaPlagi
Barafu, mkuu. Tena ya kabureta, ile inayoyeyuka kabla hujafungua boneti, ndiyo maana fundi hakuti kitu.

Joto la nje lisikudanganye. Petroli ikipuliziwa kwenye koo la kabureta inageuka mvuke, na mvuke huo unanyonya joto kutoka kwenye hewa. Hapohapo hewa inabanwa kwenye venturi, kasi inapanda na shinikizo linashuka, ubaridi unaongezeka. Kwa pamoja joto linaweza kushuka nyuzi 20, na hata zaidi ya 30. Unyevu unagandia kwenye bamba la throto na kuta za koo. Njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba, RPM inateremka polepole kama ulivyoandika. Ukisukuma throto unafungua njia kidogo, barafu inajaza tena.

Swali moja tu: hita ya kabureta, nobu inayoleta hewa ya moto, ulivuta?

#3 Tegemeo
Mzee umeharakisha. Joto 27 na umande 17 ni unyevu wa asilimia 54 tu. Hapo pakavu. Halafu Lycoming kabureta yake imefungwa chini ya sufuria ya oili, inapata joto la bure. Wanaolia na barafu ni wenye Continental, O-200 na O-470, kabureta imening'inia mbali na joto. Mimi ningeanza na maji kwenye mafuta.

#4 BiMawingu
Tegemeo, hesabu ni sahihi ila umeifanyia chini. Kabureta haikuwa uwanjani, ilikuwa futi 3,500.

Chini ya mawingu ya pamba joto linashuka karibu nyuzi 3 kwa kila futi 1,000, umande unashuka nusu nyuzi tu. Kwa futi 3,500 joto ni nyuzi 16.5 na umande nyuzi 15 na ushee. Huo ni unyevu wa zaidi ya asilimia 90. Kitako cha mawingu kiko kwenye futi 4,000 hivi: tofauti ya joto na umande ni 10, gawa kwa 2.5, zidisha kwa 1,000. Kwa hiyo ndege ilikuwa inasafiri futi 500 chini ya wingu, ndani ya hewa iliyokaribia kushiba maji. Chukua jedwali la barafu ya kabureta, weka 16 na 15 badala ya 27 na 17, utaona umeangukia wapi.

Hata kwa namba za chini, 27 na 17 si salama ukiwa umefunga throto kushuka. Mamlaka ya anga ya Marekani inaandika kuwa barafu hii inawezekana hadi nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 50. Inapenda zaidi chini ya nyuzi 21 na unyevu juu ya asilimia 80, lakini "inapenda zaidi" haina maana ya kwingine haiendi.

#5 Tegemeo
Nimekusoma bi. Hapo nimechemsha. Lakini maji sijayaondoa mezani.

#6 FundiSpana
Mafundi wenzangu mnatupiwa mawe haraka sana humu. Magneto nayo ina tabia hiyohiyo. Koili yenye insulesheni iliyochoka inafanya kazi ikiwa baridi, ikipata joto inaanza kuruka cheche, ikipoa inapona. "Ikikaa nusu saa inakuwa safi" inaingia kote kuwili. Kipungu, magneto ina saa ngapi tangu ilipofunguliwa? Kawaida ni kila saa 500.

Na nipe namba hizi: kwenye RPM 1,700 ukizima moja moja zinashuka ngapi, na ukivuta hita ya kabureta inashuka ngapi?

#7 Kipungu
Magneto: saa 610. Kushoto inashuka 90, kulia 75. Hita ya kabureta uwanjani inashuka 20, labda 30. Angani haikuvutwa. Throto tu ndiyo iliyosukumwa.

#8 MzeeWaPlagi
Haikuvutwa! Uzi mzima huu kwa sababu ya nobu moja.

#9 FundiSpana
Mzee usicheke, ameandika jambo kubwa kuliko analojua. Magneto 90 na 75 ni nzuri, kikomo ni 125 na tofauti isizidi 50. Lakini hita kushusha 20 tu ni ugonjwa. Ikifanya kazi, hewa ya moto ni nyepesi, mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta, RPM inashuka 75 hadi 100, wakati mwingine zaidi. 20 maana yake hewa ya moto haifiki, au inafika ikiwa vuguvugu. Hata angeivuta huenda isingemsaidia.

Fungua boneti, kagua kwa mpangilio huu:

Kwanza kebo. Mtu wa pili avute nobu, wewe angalia mkono kwenye sanduku la hewa. Kizibo (mlango wa hewa ya moto) kigonge mwisho wake kabla nobu haijafika mwisho wake, na nobu ibaki na mchezo wa milimita 3 hadi 6, irudi kidogo kama springi. Nobu ikigonga kwanza, kizibo kimebaki nusu.

Pili hozi kutoka kwenye koti la bati la mafla hadi kwenye sanduku. Iwe ya silikoni, ile nyekundu ya joto kali, si nyeusi. Usiiangalie kwa nje tu. Ichomoe, uingize kidole: waya wa ndani huachia, na utando wa ndani unalala kama soksi iliyolowa. Nje inaonekana mpya kabisa.

Tatu kizibo chenyewe: bushi zikiliwa, kinalegea, hewa baridi inapenya pembeni.

Nne mafla. Ikiwa na ufa ndani ya koti, moshi ndio unaoingia kwenye kabureta, na kama kibanda kinapashwa kutoka koti hilo unaingia na humo. Puliza kwa mashine ya kufyonzea vumbi iliyogeuzwa, paka maji ya sabuni, tafuta mapovu. Monoksidi ya kaboni haina harufu, huu si ukaguzi wa kuahirisha.

#10 Mwewe_172
Swali la mtu anayejifunza: kwa nini nisitembee na hita nusu muda wote, nijihami?

#11 MzeeWaPlagi
Kijana, nusu ndiyo mbaya kuliko zote. Hewa iliyo nyuzi -15 ndani ya koo unyevu wake umeshaganda kuwa chembe kavu, zinapita. Wewe kwa nusu hita unaipandisha hadi karibu na sifuri, chembe zinalowa, zinanata. Bila kipima joto cha kabureta, ama yote ama usiguse. Pia ikivutwa hewa haipiti kwenye chujio. Ukisota na hita kwenye uwanja wa vumbi unalisha silinda mchanga.

Na ukiivuta penye barafu, jiandae. RPM inashuka zaidi, injini inakohoa, inatikisika kwa sababu inameza maji yaliyoyeyuka. Wengi hapo wanashtuka na kuirudisha ndani. Iache! Inaweza kuchukua dakika nzima. Kisha RPM inapanda yenyewe, na ukirudisha nobu inapanda juu ya pale ilipokuwa mwanzo. Ikirudi palepale, hapakuwa na barafu.

Ukichelewa mpaka injini izime, eksozi inapoa na hita nayo imekufa. Hakuna moto wa kuazima.

#12 BiMawingu
Naongezea kwa Mwewe: kabla ya kufunga throto ushuke, hita kwanza, throto baadaye. Ukiamua kupaa tena, nguvu zote kwanza, hita ndani mara moja, maana hewa ya moto inakula sehemu ya nguvu ambazo hapo unazihitaji.

#13 NobuNyekundu
Mtihani wa mzee una mtego. Hita inanenepesha mchanganyiko. Injini yenye njaa ya mafuta, iwe rubani amekonda (amepunguza mafuta kwenye mchanganyiko) kupita kiasi au chujio la kabureta lina uchafu, itatulia ukivuta hita hata kama hapana chembe ya barafu. Utashangilia, utaandika "barafu" kwenye kitabu, na jeti (tundu la mafuta) imeziba vilevile.

Kutofautisha: usivute hita, sukuma nobu nyekundu (ya mchanganyiko) ndani. Ikitulia, tatizo ni mafuta. Isipotulia, ndipo uvute hita.

#14 MzeeWaPlagi
Sawa kwa mtu aliye futi 8,000 na ana muda. Aliye chini avute hita kwanza, uchunguzi baadaye. Barafu inaongezeka wakati wewe unapima nadharia.

#15 Tegemeo
NobuNyekundu kanifungulia mlango. Tundu la kupumulia la tangi! Kwenye 172 liko chini ya bawa la kushoto nyuma ya mhimili. Nyigu wa udongo wanalipenda. Likiziba, mafuta yanatoka mpaka ombwe linayazuia, injini inakonda polepole. Ndege ikisimama nusu saa ombwe linajazika, kila kitu kizuri. Mnaona inavyoingia?

#16 FundiSpana
Inaingia, lakini kifuniko cha tangi la kulia nacho kinapumua, na matangi yameungana kwa juu. Mpaka vyote viwili vizibe. Mtihani wake ni rahisi: ukitua tu, fungua kifuniko kabla ya kitu kingine. Kikivuta hewa kwa mluzi umepata jibu.

Yale maji yako ya #3 hayaendi pamoja na dalili. Maji huja ghafla: injini inakata, inashika, inakata. Hayateremshi RPM taratibu kwa dakika kadhaa.

#17 Dira
Hamjataja valvu ya eksozi kunata kwenye mrija unaoiongoza. O-320 inajulikana kwa hilo, masizi ya oili na risasi ya mafuta yanajenga ukuta. Kuna waraka wa Lycoming namba 388 wa kupima mchezo wa valvu. Silinda ikikosa pumzi, RPM inashuka na mtetemo unakuja.

#18 MzeeWaPlagi
Kunata kwa valvu mara nyingi ni ugonjwa wa asubuhi, injini baridi inachechemea kisha inapona ikipata joto. Huyu ni kinyume.

#19 Dira
Mara nyingi, si mara zote. Ikinata ya moto ni hatari zaidi, inapinda fimbo ya kusukuma.

#20 Lulu_Rota
Labda takometa (kipima RPM) tu? Ile ya kebo inadanganya ikizeeka.

#21 BiMawingu
Ameandika mwinuko unaliwa. Takometa haili mwinuko 😄

#22 Mwewe_172
Kwa hiyo mwenye injini ya kudungia mafuta amesalimika?

#23 NobuNyekundu
Na barafu ya kabureta, ndiyo. Petroli inadungwa mlangoni mwa silinda, pana moto, ndiyo maana 172 mpya tangu 1996 hazina hita ya kabureta kabisa. Lakini kwenye wingu lenye ubaridi chini ya sifuri barafu inaziba chujio la hewa kwa nje. Hapo ndipo kuna mlango wa hewa mbadala, na ule uhakikishwe kuwa unafunguka. Springi yake ikishika kutu unabaki na injini nzuri isiyo na pua.

#24 Lulu_Rota
Tukishafika kwenye mawingu: barafu ya bawa inaanza wapi? Siku ya nyuzi 30 mtu ana haja ya kufikiria hayo?

#25 BiMawingu
Kwa wastani joto linashuka nyuzi 2 kwa futi 1,000. Nyuzi 30 usawa wa bahari, sifuri iko kama futi 15,000. Nyuzi 15, sifuri iko futi 7,500. 172 haifiki huko ya kwanza, ya pili inafika bila jasho.

Matone ya wingu yanaweza kubaki maji chini ya sifuri mpaka yaguse kitu. Kati ya sifuri na -10 yanatandaa kabla ya kuganda, barafu angavu, nzito, ngumu kuonekana. Chini ya -15 yanaganda papo hapo, nyeupe, yenye mikwaruzo. Na si uzito unaoangusha ndege, ni umbo. Ukwaruzo wa msasa tu kwenye ukingo wa mbele na mgongo wa bawa unaweza kupunguza unyanyuo kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani kwa asilimia 40. Ndiyo maana sakitu ya asubuhi inafutwa yote. Zamani Marekani waliruhusu kuing'arisha iwe laini, ruhusa hiyo ilifutwa 2010. Wala usimwage maji ya moto, yanaingia kwenye bawaba za eleroni na kuganda humo.

#26 Dira
Na hita ya pito (mrija wa kupimia kasi ya hewa) iwashwe kabla ya kuingia wingu, si baada. Pito ikiziba pamoja na tundu lake la kuchuruzisha, kipima kasi kinageuka kipima mwinuko: ukipanda kinaonyesha kasi inaongezeka. Rubani anavuta pua juu apunguze kasi ambayo hana.

#27 Lulu_Rota
Wenye mipira ya kupasua barafu kwenye ukingo wa bawa: nasikia usubiri iwe nene nusu inchi, la sivyo mpira unachimba pango na barafu inajenga daraja juu yake.

#28 NobuNyekundu
Habari za mipira ya zamani, mirija mipana, pampu polepole. Ya sasa inajaa na kupungua haraka. Mwongozo wa siku hizi ni kuiwasha dalili ya kwanza na kuiacha izunguke, mabaki yanatoka mizunguko inayofuata. Lakini kitabu cha ndege yako kikisema vingine, kitabu ndicho kinachofuatwa.

#29 Tegemeo
Kuna marubani wenye saa nyingi ambao bado wanaapa kwa daraja. Mimi napenda glikoli inayotoka kwenye vitundu vya ukingo, haina ubishi huu. Ubishi wake ni mmoja tu, tangi likiisha umerudi kuwa binadamu.

#30 BiMawingu
Ukiwa na barafu kwenye mkia usikimbilie flapu zote wakati wa kutua. Flapu zinabadili pembe ya hewa inayofika mkiani, mkia unastoli (hewa inaachana nao), pua inaanguka. Tiba yake ni kuvuta nyuma na kurudisha flapu, kinyume cha bawa likistoli.

#31 Dira
Na ukikosea ni lipi kati ya mawili umejimaliza. Aina nyingi hazina tabia hiyo ya mkia, bawa ndilo linalotangulia. Kufundisha watu kuvuta nyuma karibu na ardhi kunanipa shida.

#32 BiMawingu
Ndiyo maana nimeanza na flapu. Usizishushe, hutafika kwenye swali la kuvuta au kusukuma. Na otopailoti ikatwe mapema, inakuficha mzigo mpaka inaposhindwa.

#33 Kipungu
Wakuu ahsanteni, majibu ya ukaguzi.

Kebo: nobu ilikuwa inafika mwisho wake huku kizibo kimebakiza kama milimita 5. Imerekebishwa. Hozi: nje safi, ndani utando umelala, nusu ya njia imezibwa. Imebadilishwa. Mafla haina mapovu. Sasa hita inashusha 100 kwenye 1,700.

Kifuniko cha tangi: hakuna mluzi. Tundu wazi. Kikombe cha chujio: maji hakuna, chembechembe kidogo za mpira mweusi.

Futi 3,500, joto nje nyuzi 17, baada ya dakika kumi na tano ilishuka 60 tu. Mchanganyiko ukasukumwa: hakuna mabadiliko. Hita ikavutwa: ikashuka 90, ikakohoa kama sekunde arobaini, ikapanda. Nobu ikarudishwa: 2,340.

Kompresheni (shinikizo linalobaki kwenye silinda likiingizwa 80): silinda 1 ni 76, 2 ni 75, 3 ni 64, 4 ni 77. Ya 3 inasikika ikivuja kwenye eksozi.

#34 MzeeWaPlagi
Kukohoa sekunde arobaini, kisha kupanda. Barafu. Naomba soda yangu.

#35 Dira
64 inayovuja kwenye eksozi. Valvu. Soda ni yangu.

#36 NobuNyekundu
Mpira mweusi kwenye chujio umetoka wapi? Hozi ya mafuta inabanduka ndani. Hamumwoni huyo?

#37 FundiSpana
Na magneto bado ina saa 610, soda au hakuna soda.

Kipungu, usivue silinda kwa kipimo kimoja. Rusha au washa injini ipate joto kamili, pima tena ya 3 ikiwa ya moto. Chembe ya masizi kwenye kiti cha valvu inatosha kukupa 64. Ikibaki hapo, ingiza boroskopu (kamera nyembamba) kwenye tundu la plagi. Valvu nzima ina rangi za duara zilizo sawa kuzunguka kitovu. Inayoungua ina rangi zilizovutika upande mmoja. Hozi za mafuta zote kuanzia kikombe hadi kabureta zibadilishwe, usitafute iliyo mbovu.

#38 Kipungu
Nimeandika. Boroskopu ya kuazima inafika kesho. Silinda ya 3 ni ya mbele au ya nyuma?

#39 FundiSpana
Nyuma kulia, ukiwa umekaa kiti cha rubani. Lycoming inahesabu kuanzia kwenye propela. Usimwulize mwenye O-200, Continental inahesabu kuanzia nyuma, utachungulia silinda nzima.